Mvua Husimama Kusikiliza

Nilikuwa bado mtoto wa darasa la tano, miguu mitupu na sweta iliyotoboka viwiko, nilipolisikia kwa mara ya kwanza shairi la Mama Sahra. Nimejaribu mara nyingi kusimulia mambo ya mwaka ule bila hasira. Nimewasimulia wanangu, nimewasimulia wenzangu kazini, na kila nikifika mahali fulani sauti yangu hubadilika na watu huanza kutazama vikombe vyao. Safari hii nitaiacha ibadilike.

Tulikaa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, mahali ambapo nyumba za kupangisha zilikuwa zimeanza kusogelea mashamba ya mahindi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Mama yake, ambaye sote tulimwita Kogo kama watoto wa kwetu wanavyomwita bibi, alikaa nasi na ndiye aliyetulea. Njiani, kwenye kona ambapo magari ya mjini yaligeuzia, palikuwa na duka la Mama Sahra.

Mama Sahra alikuwa Msomali, mjane. Mume wake alikuwa dereva wa lori na alifia kwenye mteremko wa Timboroa siku ya ukungu. Binti yao, Sahra, alikuwa ameolewa mbali, huko Wajir. Kwa hiyo mama huyu alibaki peke yake na duka lile: sukari, chumvi, majani chai, mafuta ya taa, sabuni ya kipande. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mtandio wa rangi ya kahawia, na hakupenda mtoto anayenunua kitu akakimbia. "Kaa," alikuwa akiniambia. "Chai iko." Nami nilikaa juu ya gunia, nikinywa chai yenye iliki, kitu ambacho kwetu hatukukijua.

Ilikuwa alasiri moja hivyo, yeye akifagia, mimi nikipuliza chai, alipoanza kulisema. Halikuwa wimbo, maana hakuwa akiimba. Halikuwa maongezi pia. Sauti yake ilipanda kidogo mwanzoni mwa kila mstari, ikatulia, kisha ikashuka taratibu kama mtu anayetua mtungi asije akaumwaga. Na katika kila mstari kulikuwa na D. Lugha sikuijua hata neno, lakini niliisikia D ile ikigonga nyuma ya meno yake, mara mbili, mara tatu, kisha pumzi, kisha tena. Daruur. Dabayl. Ilinikumbusha matone ya kwanza juu ya mabati, yale makubwa yanayotangulia, moja hapa, jingine pale, kabla paa zima halijaanza kunguruma. Niliisahau chai. Alipomaliza aliendelea kufagia.

"Hiyo ni nini, Mama Sahra?"

"Shairi. Ya zamani sana. Kwetu hata mtoto wa kuchunga mbuzi anaijua."

"Inasema nini?"

"Daruur ni wingu. Dabayl ni upepo."

"Na hayo mengine?"

Aliegemea fagio akanitazama. "Mengine kaa nayo kwanza. Nikikupa yote kwa Kiswahili nitakupa mifupa, nyama nibaki nayo mimi. Mdomo yako ijue kwanza. Kichwa itafuata."

Naomba msomaji aelewe jambo lile lilikuwa nini kwangu. Shuleni mashairi tuliyofundishwa yalikuwa ya kusifu tu: kusifu chama, kusifu uongozi, kusifu barabara ambayo haikuwa imejengwa. Tuliyasema kwa kupaza sauti, kidole kimoja juu, mbele ya wageni waliosinzia. Sikujua kwamba maneno yanaweza kupangwa kwa ajili ya wingu, ambalo haliwezi kumpa mtu kiti wala cheo. Nikawa narudi dukani kila nilipotumwa, na siku nyingine bila kutumwa. Alinifundisha mstari kwa mstari. Niliyasema maneno nikienda mtoni, nikikamua, nikisugua sufuria. Maana yake sikuijua, na kutoijua kulinipendeza, kama unavyopendezwa na mlango wa nyumba ya watu unaoona mwanga chini yake.

Kogo alinisikia nikiyasema huku nikikamua.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa Mama Sahra. Ni ya wingu."

Alitazama juu. Ilikuwa mwaka ule ambao mvua ya Machi haikuja, na ya Aprili ilikuwa inatuchezea: kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa Timboroa, meusi kabisa, yakaja mpaka karibu na kwetu, yakapita.

"Basi usiyaseme wingu likiwa juu," Kogo alisema. "Mvua ikisikia inasifiwa husimama kusikiliza. Ikisimama, upepo unaibeba."

Aliyasema haya kwa sauti ileile aliyotumia kutukataza kukalia kinu, au kuitana majina gizani. Kogo alikuwa na miiko ya kila kitu, na hakuna mmoja uliokuwa wa kumdhuru mtu. Ilikuwa kama adabu. Kwa macho yake dunia ilikuwa imejaa wakubwa wasioonekana, na mtoto ilimpasa ajue jinsi ya kupita mbele yao.

Lakini Kogo naye alikuwa na masikio. Siku chache baadaye alijifunga leso akaniambia nimpeleke. Alimsalimu Mama Sahra, akaulizia bei ya chumvi ambayo aliijua vizuri, akakaa kwenye gunia langu, akasema, "Haya. Niseme ukweli. Nimekuja kusikia ile ya wingu."

Mama Sahra alicheka mpaka akafunika mdomo. Akavuta pumzi aanze, Kogo akainua mkono. "Ngoja." Akainuka, akachungulia angani, akaufunga mlango wa duka, akaweka na komeo. "Sasa sema. Huku ndani haitasikia."

Wakakaa pale gizani, wanawake wawili, mmoja wa kanisa na mmoja wa msikiti, na mimi katikati, mistari ya mwanga ikipita kwenye nyufa za mbao, na shairi likaanza. Nililisikia vizuri zaidi siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Kogo alifumba macho. Lilipokwisha aliyafumbua, akauliza, "Kwenu mnalisema kuomba mvua?"

"Hapana, mama. Hii inasemwa mvua ikishapita. Watu wameshiba maziwa, udongo inanukia. Ni ya furaha."

"Na wewe mbona unalisema sasa, na hakuna mvua?"

"Wewe mtu ukimkumbuka, si unataja jina yake?"

Kogo aliitikia kwa kichwa akasema, "Ndiyo," na tangu siku hiyo akawa anakwenda yeye mwenyewe, na kila mara mlango ukifungwa.

Hapo ndipo sauti yangu hubadilika.

Mtu mmoja aliitwa Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa chama pale kwetu, na kwa miaka ile neno hilo lilitosha. Jina lake sitaliandika, kwa sababu wanawe hawajanikosea. Alikuwa na mashine ya kusaga unga, iliyokaa nyuma sana, mbali na barabara, na kila mtu alijua kwamba kona ile ya duka alikuwa ameitamani kwa muda mrefu. Mke wake alikuja siku moja kununua chumvi, akakuta mlango umefungwa mchana kweupe, akasikia ndani maneno asiyoyaelewa. Alipomkuta Kogo baadaye kwenye foleni ya unga, alimuuliza. Kogo, ambaye hakuwa na la kuficha, alimweleza kila kitu: shairi, wingu, na kwa nini mlango ulifungwa. Nadhani hata alicheka akieleza.

Kufikia Mei mahindi yaliyokuwa yameota yalikunjamana kama karatasi. Ng'ombe wetu mmoja alikufa. Watu walikuwa na njaa na woga, na mtu mwenye woga hukubali kupewa mtu wa kumchukia. Baraza likaitwa uwanjani pa shule. Sisi wanafunzi tulitolewa darasani kubeba viti vya wakubwa, na baada ya kubeba tukaambiwa tukae chini nyasini tusikilize. Chifu alikaa katikati. Vijana wa chama walisimama nyuma yake. Baba alikaa na walimu wenzake. Mwenyekiti akasimama, beji kifuani.

"Wananchi, mvua iko wapi?"

Wachache walitazama upande wa Timboroa.

"Timboroa imenyesha. Turbo imenyesha. Ikifika Kiplombe inageuka. Kwa nini?" Aliacha watu wajiulize. "Kuna mtu hapa anajifungia dukani mchana, anasema maneno ya kwao. Wazee wetu wanajua. Kuna maneno ya kusimamisha mvua. Na mwenye duka mvua isiponyesha anapata, kwa sababu nyinyi mtanunua kwake mpaka mbegu."

Nilisikia watu wakiguna, na mguno ule bado nausikia. Walikuwa watu niliowajua. Walikuwa watu waliokopeshwa sukari na mama yule walipofiwa.

Mama Sahra aliitwa mbele. Alisimama wima, mikono ndani ya mtandio.

"Ni shairi, Mwenyekiti. Mama yangu alinifundisha."

"Shairi. Basi lisome tusikie sote, kama halina kitu."

Ningekuwa yeye ningekataa. Yeye alitazama chini kidogo, akameza mate, akaanza. Alilisema lote, mahali pale pa vumbi, mbele ya watu wenye chuki, na hakuliharakisha. Kwa muda mfupi uwanja mzima ulitulia. Nilimwona mama mmoja, aliyekuwa amekunja uso, akiinamisha kichwa upande kama mtu anayesikia mtoto akilia nyumba ya pili. D ile iligonga, ikapumzika, ikagonga. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile kikipelekwa mbele ya watu wabaya namna ile.

Kulikuwa na wingu. Lilikuwa limekuja kutoka upande ule ule wa siku zote, na liliposogea juu ya shule upepo uliinuka na likaanza kukatika, kama lilivyokatika jana yake, na juzi yake. Kijana mmoja wa chama akapiga kelele: "Tazameni! Tazameni juu!"

Watu wakatazama. Basi, ikawa imekwisha.

Kogo alisimama. Wanawake hawakuwa wakisema kwenye mabaraza yale, na wazee wengine walianza kumzomea kabla hajafungua kinywa.

"Mlango niliufunga mimi," alisema. "Neno la mvua ni langu mimi. Nilimwambia mtoto, kama tunavyoambia watoto wote. Huyu mama hata halijui. Mwenyekiti, umechukua neno la kulea mtoto ukaligeuza panga."

"Mama, kaa chini," Mwenyekiti alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Umezeeka. Amekuchanganya na chai yake."

Watu wakacheka. Walimcheka Kogo. Nilimtafuta Baba kwa macho. Baba, ambaye kila Jumapili alituambia miiko ya Kogo ni upuuzi wa kale, ambaye alikuwa amesoma, ambaye watu wangemsikiliza, alikuwa anatazama viatu vyake.

Chifu alisema duka lifungwe mpaka mambo yachunguzwe. Hakuna aliyechunguza kitu. Vijana waliweka kufuli yao jioni ile ile, na mmoja wao akamwambia Mama Sahra kwamba akikawia Kiplombe, kitakachompata usiku asimlaumu mtu. Akaondoka na lori la rafiki wa marehemu mume wake. Tulikwenda kumuaga, Kogo na mimi tu. Kogo alimshika mikono yote miwili. Mimi, kwa sababu sikujua mtoto aseme nini, nikaanza kulisema shairi, haraka haraka, nikilia.

Akanisimamisha. "Si 'dabal'. Dabayl. Rudia."

"Dabayl."

"Ndiyo. Na polepole. Ukikimbia inavunjika."

Kisha akapanda mbele, karibu na dereva, lori likaondoka. Sikumwona tena, wala sikupata habari zake, na miaka ile mtu wa kabila lake akiondoka mahali hakuna aliyeuliza amefika wapi.

Wiki haikuisha, mvua ikanyesha.

Ilinyesha kama kitu kilichopasuka. Mitaro ilijaa, mabati yalinguruma hata tukashindwa kusikilizana. Watu walitoka nje wakicheza, na wengi walikimbia moja kwa moja kwa Mwenyekiti kumpa mkono. Kogo alisimama mlangoni kwetu, leso imelowa, akaitukana mvua. Sijawahi kumsikia akitukana kabla ya hapo. "Sasa ndio unakuja?" alipiga kelele. "Sasa? Juzi ungepungukiwa nini?"

Jumapili Baba alisimama kanisani akaongoza sala ya shukrani. Kanisa zima likasema Amina. Mimi nilifunga mdomo. Nyumbani nikamuuliza.

"Baba, wewe unasema ni upuuzi. Mbona hukusema kule?"

"Chebet, wewe ni mtoto."

"Lakini ulijua."

"Mwalimu akifungua mdomo mbele ya wale watu, kesho barua inakuja ahamie Lodwar, kule jangwani. Mtakula nini? Niambie. Mtakula nini?"

Swali lile bado ninalo. Lakini niliona kwamba hakunitazama alipouliza. Kabla mahindi hayajafika magotini, duka lilifunguliwa tena, na aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa shemeji ya Mwenyekiti. Kogo hakuingia mle tena. Alitembea mpaka mjini kununua chumvi. Na miiko yake aliiacha. Wadogo zangu walilelewa bila hata mmoja, na nilipomuuliza sababu alisema, "Nikisema neno, nani ajuaye watalifanyia nini." Hilo nalo waliliiba, na ninawadai.

Nilikua, nikawa muuguzi. Mwaka mmoja alikuja kwetu hospitalini kijana wa duka la dawa, binti wa Kisomali aitwaye Ubah, na siku moja, tukinywa chai, nikamwombea radhi mapema kwa matamshi yangu, kisha nikamsomea yale maneno ya shairi niliyobaki nayo. Alishtuka, akacheka, kisha akaacha kucheka. Maneno mengine hakuyatambua kabisa. Nilikuwa nimeyasugua kwa miaka mingi mpaka yakapoteza sura. Mengine aliyajua. "Bibi yangu analijua hili," alisema. "Hapa wingu limelala chini juu ya bonde. Hapa mtu ametoka nje, ananusa." Alitaka kuendelea. Nikamwambia basi, inatosha. Sikutaka mifupa. Nilimwomba tu ampigie bibi yake simu, nisikie linavyosemwa, na bibi yake akalisema lote kwenye simu, polepole, nami nikakaa kwenye benchi la korido la hospitali nikiwa nimefunika uso.

Mwenyekiti alikufa mzee, kitandani kwake, akiwa na wajukuu. Nilimsindikiza Baba mazishini kwa sababu macho yake yalikuwa yamepungua na hakuweza kutembea peke yake. Mfawidhi wa mazishi, akiwa na kipaza sauti, alisimulia jinsi marehemu alivyosimama imara mwaka wa ukame mpaka mvua ikaja Kiplombe. Watu wakacheka kwa mapenzi, wakapiga makofi.

Nikasimama. Sikupewa kipaza sauti, na sikukihitaji.

"Alimfukuza mjane," nilisema. "Akachukua duka lake. Mvua haikumtuma. Wengi wenu mlikuwepo."

Mwanamke mmoja aliniambia kwa sauti ya chini nimwogope Mungu. Mtoto wa marehemu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa. Mfawidhi akaita kwaya, kwaya ikaimba, na mambo yakaendelea.

Tukiwa njiani kurudi, Baba alinishika mkono wa sweta.

"Umesema vizuri," alisema.

"Ningependa kusikia wewe ukisema, Baba. Nilipokuwa mdogo."

"Najua."

Sikumwambia, "Si neno." Huenda mwana mwema angesema. Nilimwongoza akavuka mahali penye matope, tukaendelea kutembea, na niliona kwamba kujua kwake kulikuwa kumemlemea miaka yote ile zaidi ya hasira yangu ilivyonilemea mimi.

Wenzangu huniambia imani za kale ndizo zilizomfukuza Mama Sahra, na kwamba watu wakisoma mambo kama yale hayatokei. Nawasikiliza, nakataa. Kogo aliamini kweli kwamba mvua husimama kusikiliza, na kwa sababu aliamini, aliinuka akafunga mlango ili aweze kusikia neno la mgeni bila kumdhuru mtu. Mwenyekiti hakuamini hata kidogo. Na Baba alikuwa amesoma.